Kuitazama Mirihi kwa Darubini Ndogo

Katika sayari zote zinazoonekana kwa macho matupu hakuna iliyowasumbua watu wa darubini kama Mirihi. Zuhura huzishinda zote kwa mng'ao. Mshtarii ina miezi minne ambayo hata mtoto mdogo huiona kwa darubini ya macho mawili, akituliza mikono yake vizuri. Zohali ina pete, na mtu akiziona mara moja hazisahau. Lakini mtu anayeelekeza darubini ndogo kwenye Mirihi usiku wa kwanza huona kisahani kidogo chenye rangi ya chungwa, kinatetemeka kama kitu kilicho chini ya maji, wala hakina alama yo yote. Naye huondoka akinung'unika. Hata hivyo ni sayari hii iliyowafanya wataalamu wazima wagombane kwa zaidi ya miaka thelathini, hawa wakisema wameona kazi ya mikono ya viumbe wenye akili, na hawa wakisema hawaoni ila mawaa. Wote walikuwa wakitazama kitu kimoja. Nitaeleza kwanza namna ya kuitazama, kisha nitaueleza ugomvi huo, maana mwanafunzi anayetaka kukaa mbele ya darubini na kalamu ya risasi mkononi hana budi kuujua.

MAJIRA YAKE

Dunia yetu hulizunguka Jua kwa siku 365, na Mirihi kwa siku 687. Sisi tumo katika njia ya ndani nasi twaenda upesi. Mirihi imo katika njia ya nje nayo yaenda polepole. Basi kila baada ya siku 780 hivi, yaani miaka miwili na kama miezi miwili, twaifikia na kuipita. Wakati huo sisi tuko katikati, Jua liko upande huu na Mirihi upande ule. Jua likizama magharibi, Mirihi huchomoza mashariki, na usiku wa manane huwa juu kabisa. Husemwa kwamba sayari imelikabili Jua. Miezi miwili kabla ya siku hiyo na miezi miwili baada yake ndiyo majira ya kuitazama. Nje ya majira hayo mwenye darubini ndogo apoteza usingizi wake bure.

Tena si kila mara inapokaribia hukaribia sawa. Njia ya Mirihi si duara kamili. Mara huwa mbali na Jua kwa kilomita milioni 207, mara kilomita milioni 249. Tukiipita ilipo karibu na Jua, huwa karibu na sisi pia. Tarehe 27 Agosti 2003 ilikuwa mbali nasi pungufu ya kilomita milioni 56, na haikuwa imekaribia hivyo kwa muda wa karibu miaka 60,000. Lakini Januari 2025 ilifika kilomita milioni 96 tu, na Februari 2027 ni kilomita milioni 101.

Hesabu hizi kubwa hazimwambii mtu kitu mpaka azigeuze kuwa vitu vya nyumbani. Chukua sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu. Mwezi mpevu huonekana una upana sawa na sarafu hiyo ikiwekwa mbali nawe mita 2 na robo tatu. (Wengi hawakubali mpaka wapime wenyewe, maana Mwezi hutudanganya kwa ukubwa.) Mirihi ya mwaka 2003 ilikuwa sawa na sarafu hiyo ikiwa mbali mita 205, yaani urefu wa viwanja viwili vya mpira. Mirihi ya 2027 ni sarafu iliyo mbali mita 374, karibu viwanja vinne. Na Mirihi ikiwa upande wa pili wa Jua ni sarafu iliyo mbali karibu kilomita moja na nusu. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini nimesema usipoteze usingizi.

Kwa sarafu hii twaweza pia kuukata mzizi wa uvumi mmoja. Tangu mwaka 2003 watu wamepelekeana habari, na mara nyingi hurudi mwezi wa Agosti, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi mpevu. Chanzo chake kilikuwa kweli: mwaka ule ilisemwa kwamba mtu akiitazama Mirihi kwa darubini inayokuza mara 75, ataiona kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Gawa mita 205 kwa 75 nawe utapata mita 2 na robo tatu. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini walioipeleka habari mbele waliiacha ile darubini njiani, wakabaki na Mwezi.

MACHO MATUPU NA DARUBINI YA MACHO MAWILI

Darubini ya macho mawili iliyo ya kawaida hukuza mara 7 au mara 10. Ikikuza mara 10, ile sarafu ya 2027 yasogea kutoka mita 374 hadi mita 37. Simama upande mmoja wa bwalo la chakula, rafiki yako aishike sarafu nje mbali kiasi hicho, kisha umwambie imeandikwa nini. Huwezi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ataona theluji ya Mirihi kwa darubini ya namna hiyo; ataona nukta iliyoiva rangi, basi.

Lakini ina kazi zake mbili nzuri. Ya kwanza ni rangi. Jicho peke yake huona wekundu kidogo. Darubini hukusanya nuru zaidi, na rangi hujitokeza. Katika nyota za Nge, ambazo wazee wa pwani waliosoma elimu ya falaki huziita Akarabu, kuna nyota nyekundu jina lake Antares, nalo ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshindani wa Mirihi. Mirihi ikipita karibu nayo, zitazame zote mbili usiku mmoja na uamue mwenyewe ipi ni nyekundu zaidi.

Kazi ya pili ni kufuata mwendo wake, na hii hata asiye na darubini aweza kuifanya. Chora nyota zilizo karibu na Mirihi, tia alama mahali ilipo, rudia kila baada ya siku nne au tano. Kwa kawaida husogea kuelekea mashariki. Majira ya kukabili Jua yakifika husimama, hurudi nyuma kuelekea magharibi, husimama tena, kisha huendelea na safari yake. Mwaka 2027 hurudi nyuma tangu katikati ya Januari hadi mwisho wa Machi, katika nyota za Simba, yaani Asadi. Haikurudi kweli. Ukiwa ndani ya basi linalompita mwenye baiskeli, nawe ukimtazama huku ukiangalia vilima vya mbali nyuma yake, utamwona kana kwamba anarudi nyuma, na huku anakanyaga kwa nguvu zake zote. Sisi ndio tuliomo katika basi.

Usidharau kazi hii kwa kuwa haina vyombo. Bwana Tycho Brahe wa Denmark aliipima Mirihi miaka mingi kabla darubini haijajulikana. Alipokufa mwaka 1601, hesabu zake zilimfikia Bwana Johannes Kepler, ambaye alijaribu kuiweka Mirihi katika njia ya duara. Hesabu ikakataa, ikapita kiasi cha robo moja ya upana wa Mwezi hivi. Mtu mwingine angaliiacha robo hiyo. Kepler aliamini kwamba Tycho hakukosea kupima, akaliacha duara, na mwaka 1609 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba njia ya Mirihi ni kama duara lililobonyezwa.

DARUBINI YA JICHO MOJA

Maneno haya yawahusu hasa wazazi, kwa kuwa ndio watakaoombwa fedha. Madukani kuna darubini zilizoandikwa juu ya sanduku kwamba zakuza mara 500 na zaidi. Usinunue kwa sababu ya namba hiyo. Nguvu ya darubini imo katika upana wa kioo chake cha mbele au kioo chake kikubwa cha ndani. Kila milimita moja ya upana yaweza kubeba ukuzaji wa mara mbili tu, tena usiku hewa inapokuwa tulivu. Darubini ya milimita 70 haifai kuzidishwa mara 140. Ukiilazimisha ikuze mara 500, utapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Yafaa pia kuitikisa kidogo miguu yake dukani: ikiwa kioo kinaendelea kucheza baada ya mkono kuondoka, hiyo ni ya kuchezea. Kwa maoni yangu shule moja kuwa na darubini moja ya milimita 114 au 130, yenye miguu imara, ni bora kuliko wanafunzi kumi kuwa na vijidude kumi.

Kwa darubini ya milimita 70 ikikuza mara 140, Mirihi ya 2027 ni kubwa kama Mwezi kwa macho matupu. Mtazamaji wa kwanza hakubali, kwa sababu ndani ya darubini kuna giza tupu, hakuna mti wala paa la kulinganisha nalo. Ataona sahani ndogo. Na sahani yenyewe yachezacheza.

Kucheza huko ni kwa hewa yetu, si kwa Mirihi. Umeona hewa inavyotetemeka juu ya jiko la mkaa, au juu ya paa la mabati saa saba mchana? Hewa ya usiku hufanya vivyo hivyo, ila kwa siri. Kwa hiyo usiiweke darubini mahali ambapo utatazama juu ya mabati yaliyokunywa jua mchana kutwa, wala juu ya uwanja wa saruji. Majani ni bora. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama ili vioo vipoe. Usitazame Mirihi ingali chini karibu na upeo wa macho, ngoja ipande. Hapa sisi tulio karibu na Ikweta tumebarikiwa. Mirihi inapokaribia sana, yaani katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba, huwa upande wa kusini wa mbingu. Watu wa Ulaya huiona chini juu ya mapaa ya majirani, nasi huipata karibu na utosi. Bwana William Pickering wa Marekani aliitazama mwaka 1892 kutoka Arequipa, nchi ya Peru, mahali ambapo iko juu kama ilivyo kwetu.

Na jambo moja ambalo si la majadiliano: darubini isielekezwe kwenye Jua kamwe, hata kwa nukta moja. Jicho huungua wala halirudi. Kazi ikiisha, kifuniko kirudishwe, na darubini iingizwe ndani kabla ya mapambazuko.

Sasa keti. Usisimame, maana mtu aliyesimama hatulii. Tazama kwa muda wa dakika ishirini bila kuandika kitu. Katika dakika hizo hewa itatulia mara kadhaa, kila mara kwa muda wa kuhesabu mbili au tatu, na hapo sahani itakuwa kana kwamba imefutwa kwa kitambaa. Vitakavyoonekana ni hivi: ukingoni, upande mmoja, labda doa jeupe, nalo ni barafu ya ncha. Mwaka 2027 ncha ya kaskazini ndiyo inayotuelekea, nayo yazidi kupungua kwa kuwa huko majira ya joto yakaribia. Katikati, labda kivuli kisichokolea. Kivuli kinachojulikana kuliko vyote ni Syrtis Major, kilicho kama ncha ya mkuki; Bwana Christiaan Huygens wa Uholanzi alikichora tarehe 28 Novemba 1659, na kwa kukifuata usiku baada ya usiku alifahamu kwamba siku ya Mirihi ni kama saa 24. Leo twajua Mirihi hujizungusha mara moja kwa saa 24 na dakika 37. Zamani vivuli hivyo vilidhaniwa kuwa bahari, baadaye majani. Ni mwamba mweusi wa volkano ambao upepo umeufagia vumbi.

Kwa sababu ya zile dakika 37, ukitazama kesho saa ile ile uliyotazama leo utaona karibu uso ule ule, ila umechelewa kidogo. Alama uliyoiona katikati leo saa tatu usiku, kesho itafika katikati karibu saa nne kasorobo. Mwenye kutazama saa ile ile kila siku atauona mpira wote wa Mirihi kwa muda wa wiki tano au sita, kipande kwa kipande, kama mtu anayegeuziwa chungwa na mtoto mvivu.

Huenda pia usione kitu. Mwishoni mwa Mei 2018 dhoruba ya vumbi ilianza huko, nayo ikaenea mpaka ikaifunika sayari nzima. Gari la Opportunity, lililokuwa likitembea Mirihi tangu 2004 kwa nguvu ya Jua, lilipeleka habari zake za mwisho tarehe 10 Juni. Mwisho wa Julai mwaka ule Mirihi ilikuwa karibu sana, kilomita milioni 57.6, na watu waliokuwa wamengoja miaka kumi na mitano wakaona sahani isiyo na alama. Walioandika kwamba hawaoni kitu waliandika habari ya dhoruba.

UGOMVI WA MIFEREJI

Mwaka 1877 Mirihi ilikaribia sana. Huko Washington Bwana Asaph Hall aligundua miezi yake miwili midogo, Phobos na Deimos. Na huko Milan, Italia, Bwana Giovanni Schiaparelli, aliyekuwa na darubini yenye kioo cha sentimita 22, aliichora ramani ya Mirihi kwa uangalifu mwingi kuliko wote waliomtangulia. Juu ya ramani yake kulikuwa na mistari myembamba iliyounganisha vivuli. Aliiita kwa neno la Kiitaliano ambalo lafaa kwa mlango wa bahari wa asili na pia kwa mfereji uliochimbwa. Waingereza walipolifasiri neno hilo walichukua maana ya pili. Twaijua tofauti hiyo vizuri: mto hujitengenezea njia, lakini ukiona mfereji ukikata mteremko wa Kilimanjaro waenda shambani kwa Mchaga, huulizi kama kuna mtu aliyeuchimba. Na huko Misri Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, miaka minane tu kabla yake. Watu walikuwa na mifereji akilini.

Akatokea tajiri mmoja wa Boston, Bwana Percival Lowell. Mwaka 1894 alijenga nyumba ya darubini huko Flagstaff, Arizona, mahali pa juu penye hewa safi, na baadaye akanunua darubini ya sentimita 61. Aliona mistari si kumi wala ishirini, bali mamia, imenyooka kama kwa rula. Akaandika vitabu. Alisema Mirihi ni dunia inayokauka, na kwamba wenyeji wake wamechimba mifereji kuleta maji kutoka barafu za nchani. Watu wengi waliamini, na kwa kweli hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Bwana Alfred Russel Wallace, yule mtaalamu wa viumbe, aliandika kitabu mwaka 1907 kumpinga, akisema kwamba huko ni baridi mno na kwamba maji ya mifereji iliyo wazi yangalikauka kabla hayajafika.

Mimi simcheki Lowell. Hakuwa mwongo, alikesha miaka mingi, akatumia mali yake mwenyewe, akachora alichokiona. Swali lilikuwa, jicho lake lilikuwa likimwonyesha nini?

Jibu moja lilitoka darasani. Mwaka 1903 Bwana Walter Maunder, mtaalamu wa Greenwich, alishirikiana na Bwana Evans, mwalimu mkuu wa shule ya wavulana ya Royal Hospital iliyokuwa huko huko. Waliweka mbele ya darasa picha ya duara yenye vivuli na alama ndogo ndogo zisizo na utaratibu, wala hapakuwa na mstari ulionyooka. Wavulana hawakuambiwa ni nini. Waliambiwa wachore wanachokiona, kila mmoja mahali alipoketi. Waliokaa karibu walichora nukta kama zilivyo. Waliokaa mbali sana hawakuona cha kuchora. Lakini kati yao, mahali ambapo jicho lilikuwa karibu lione lakini haliwezi, baadhi yao walichora mistari iliyonyooka. Jicho lilikuwa limezifunga zile nukta pamoja, kama mtu anavyofunga kuni.

Lowell alilidharau jaribio hilo na kuliita nadharia ya watoto wadogo. Na haki itendeke: Bwana Camille Flammarion alilijaribu kwa watoto wa shule wa Ufaransa, nao hawakuchora mistari. Basi kesi haikuisha darasani. Iliisha, kwa waliokubali kuisha, tarehe 20 Septemba 1909, wakati Bwana Eugène Antoniadi, Myunani aliyekaa Ufaransa, alipoitazama Mirihi kwa darubini ya sentimita 83 huko Meudon, karibu na Paris. Yeye naye zamani alikuwa amechora mistari. Usiku ule hewa ilitulia isivyo kawaida, na mahali pa mistari akaona maelfu ya mawaa madogo yasiyo na mpango. Hata hivyo mazoea ni magumu: ramani iliyotengenezwa na Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1962 ilikuwa bado ina mistari. Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kupiga picha 21. Zilionyesha mashimo kama ya Mwezi, wala hapakuwa na mfereji.

Siku hizi watazamaji wengi wasio wataalamu hufunga kamera mahali pa jicho, hupiga picha maelfu kwa dakika chache, na programu ya kompyuta huchagua zile zilizopigwa hewa ilipotulia na kuziunganisha. Picha zao hushinda zile za darubini kubwa za zamani. Lakini wao wenyewe huonyana, kwa sababu programu ikilazimishwa kunoa picha kupita kiasi hutia ukingoni mwa Mirihi utepe ambao haupo. Kompyuta nayo huweza kuchora mfereji wake.

KAZI YA KUFANYA

Jaribio la Maunder lafaa kufanywa katika kila mkondo, tena kabla wanafunzi hawajapewa makala haya. Mwalimu achore duara la sentimita 8 katika karatasi nyeupe, atie kivuli kisichokolea pande mbili, na katikati atie nukta nyingi kwa mkono, bila rula. Karatasi ibandikwe ubaoni. Mwanafunzi aliyekaa mbali mita 12 anaitazama kama mtu anayeitazama Mirihi ya 2027 kwa darubini inayokuza mara 100. Wengine wakae mita 4, wengine 8, wengine 16. Dakika kumi, kimya, bila kuchungulia karatasi ya jirani. Darasa lenye nafasi laweza kugawanywa mara mbili: kundi moja liambiwe kwa siri kwamba pana mistari ya kutafuta, kundi la pili lisiambiwe kitu. Kisha picha zote zitundikwe ukutani kwa utaratibu wa umbali.

Atakayechora Mirihi yenyewe atumie duara la sentimita 5. Achore kwanza barafu ya ncha, kisha vivuli, na amalize kwa dakika kumi na tano, maana sayari yazunguka. Kivuli asicho na hakika nacho akizungushie nukta nukta. Asiwe na ramani ya Mirihi mezani. Ramani itazamwe kesho yake, na picha isiguswe tena. Aandike ukuzaji wa darubini, hali ya hewa, na upande ulio juu, kwa kuwa darubini nyingi hupindua kitu kichwa chini. Na saa aiandike kwa uangalifu. Saa tatu na nusu usiku kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa 21:30 ya Afrika Mashariki, nayo ni saa 18:30 ya Greenwich, ambayo ndiyo itumiwayo na watazamaji wa dunia nzima. Picha isiyo na saa haiwezi kulinganishwa na picha ya mtu mwingine.

Mirihi hulikabili Jua tarehe 19 Februari 2027, wakati wa kiangazi kifupi, na mbingu huwa wazi mara nyingi. Safari mbili zifuatazo zaangukia masika: 25 Machi 2029 na 4 Mei 2031, walio sehemu za mvua nyingi wasitegemee sana, watazame kila wingu linapopasuka. Iliyo njema zaidi kwetu ni ya mwisho wa Juni 2033, kipupwe kimeingia na vumbi la mchana limetulia, Mirihi ikiwa kilomita milioni 63 na karibu na utosi. Na tarehe 15 Septemba 2035, kabla ya vuli, itakuwa mbali kilomita milioni 57 tu, sarafu yetu ikiwa imerudi viwanja viwili. Karatasi zenye duara la sentimita 5 na nafasi za kujaza zimewekwa katika maabara ya fizikia, juu ya kabati la mizani. Kila mwenye kuchora achukue mbili, moja ya kwake na moja ya kubaki shuleni.